Jina la Mzaliwa wa Pili

Mimi sikuajiriwa kufundisha katiba. Niliajiriwa kufundisha Kiswahili, hapa Bwera, katika shule ya sekondari ambayo ukisimama dirishani kwenye darasa la mwisho unaiona milima ya Kongo bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mama yangu alitoka ng'ambo hiyo, upande wa Butembo, na lugha yake ndiyo iliyonipa kazi. Katiba nilitupiwa tu. Mwalimu wa historia alipata mahali pazuri zaidi Kampala, mkuu wa shule akaniita ofisini, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi kwamba kidato cha nne sasa ni changu, historia na elimu ya siasa. Nikamwambia historia niliiacha nikiwa msichana. Akasema kitabu kipo. Ndivyo mambo yanavyokwenda kwetu: kitabu kikiwepo, mwalimu yupo.

Basi nikakisoma, na nilikisoma kwa hasira, maana mimi ni mtu wa hasira za karibu, wanafunzi wangu wote wanalijua hilo. Nilidhani nitakuta maneno ya wakubwa ya kulazia watu usingizi. Nikakuta kitu kingine. Nyuma ya kila kifungu nilimwona mtu aliyewahi kuonewa. Huwezi kuandika kwamba mtu asiteswe kama hakuna aliyeteswa. Huwezi kuandika kwamba mtu aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa kama hakuna aliyeburutwa akiuliza nimefanya nini. Nikasema kumbe! Hiki kitabu wamekiandika watu waliolia. Tangu siku hiyo nikawa nakipenda, na mtu akikidharau mbele yangu tunakosana.

Somo la kwanza nilianza na nyama. Nyumbani kwetu sikukuu ikifika na kuku akachinjwa, mama alikuwa na sheria moja: anayekata ndiye anayechagua mwisho. Kaka yangu mlafi alikata kuku kwa uangalifu wa daktari, vipande sawasawa, kwa kuwa alijua kitakachobaki ndicho chake. Nikawaambia wanafunzi, haya, serikali ndiyo hiyo. Anayetunga sheria asiwe anayeitekeleza, na anayeitekeleza asiwe anayehukumu. Ukimpa mtu mmoja kisu na sahani, halafu ukamwambia achague kwanza, hata awe mcha Mungu namna gani, wewe utakula shingo. Walicheka, wakaelewa. Nikajiona mwalimu kweli.

Nilipofika kwenye utawala wa sheria nikawakumbusha ule msemo, sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kijana mmoja wa safu ya nyuma, mtoto wa Nyakiyumbu, mbishi, baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na yeye ndiye aliyebaki akilima shamba na mama yake huku anasoma, akanyoosha mkono. Akasema, "Madamu, lakini msumeno una mpini. Anayeshika mpini hakatwi." Darasa likaangua kicheko. Nilitaka kumkemea, nikajizuia. Nikaandika ubaoni MPINI, nikasema kazi ya katiba ni kuhakikisha mpini haukai mkononi mwa mtu mmoja. Akakaa, lakini niliona hajaridhika.

Aliyenipendeza zaidi alikuwa binti wa mbele, anatoka juu mlimani, anateremka kila asubuhi na viatu mkononi ili visichakae. Huyu alikuwa anasikiliza kwa macho. Nilipofundisha kifungu kinachosema mtu akikamatwa lazima afikishwe mahakamani kabla saa arobaini na nane hazijapita, akauliza saa hizo zinahesabiwa tangu anaposhikwa au tangu anapofika kituoni. Jamani! Mimi mwenyewe sikuwa nimewaza. Nikaenda kusoma tena, nikarudi nikamjibu: tangu kukamatwa. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelipwa haki yake.

Sasa kuna jambo ambalo mgeni lazima aelezwe. Kwetu Wakonzo, na ndugu zetu wa ng'ambo, mtoto hapewi jina kwa kupendwa, hupewa kwa foleni. Mvulana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wasichana vilevile, na ni majina yaleyale katika kila nyumba, kuanzia huku mpakani mpaka Kasese mjini. Baba akiwa mzaliwa wa pili na mwanawe naye akawa wa pili, wote jina ni moja. Nikiita jina la mzaliwa wa pili darasani, nusu ya safu ya nyuma inaitika. Jina la kanisani linasaidia kidogo, lakini nalo mitume walikuwa wachache. Kwa hiyo tunatajana kwa mahali: yule wa Nyakiyumbu, yule wa mlimani, yule wa karibu na mashine. Sisi hatupotei. Anayepotea ni mgeni.

Na nisije nikaeleweka vibaya kuhusu watu wa usalama. Huku tunajua kinachoweza kuvuka mpaka na bunduki. Kuna yaliyotupata ambayo siyaandiki hapa, na tangu wakati huo mzazi akiona askari karibu na shule, moyo wake unatulia. Wangu pia. Mtu anaweza kumwombea askari asubuhi na kumwogopa jioni, na mara zote mbili anasema kweli.

Ijumaa moja, siku ya soko, baba wa yule binti aliteremsha kahawa yake kwenye mashine ya kukoboa, Kinyamaseke. Msimu ulikuwa umeiva, foleni ndefu, wanaume wamekaa juu ya magunia yao wanapiga soga. Gari likasimama nje. Wakashuka watu wenye nguo za kawaida, mmoja akaja mpaka mlangoni, akaita jina. Jina gani? La mzaliwa wa pili. Mle ndani waliitika kutoka pembe tatu. Baba wa binti alikuwa karibu na mlango, akadhani zamu ya magunia yake imefika, akasema mimi hapa, akatoka anapangusa maganda ya kahawa kichwani. Wakampakia. Wale wengine wawili walioitika wakakaa kimya, na kwa kweli, wangesema nini?

Mimi nilijua Jumatatu. Binti alisimama mlangoni pa chumba cha walimu, viatu amevaa, sare imenyooka, akaniomba tuzungumze nje. Alinisimulia yote hayo bila kulia. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikiwa napika linanijia.

"Madamu, zile saa zilikwisha jana. Sasa anakuja nani?"

Nilimtazama. Aliuliza kama mtu anayeuliza basi la Kasese linapita saa ngapi. Katika akili yake, saa zikiisha kuna mtu anainuka mahali fulani, anavaa koti lake, anakuja kufungua mlango. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Nilifundisha muda, sikufundisha anayekuja, kwa sababu kitabuni hayumo.

Mkuu wa shule alinishauri nisijiingize. Alisema mwenye nguvu mpishe, mwalimu, una miaka michache ustaafu. Nikamjibu jibu ambalo silirudii hapa, nikachukua mkoba. Tukaenda mimi na binti kwenye kituo tulichoambiwa lile gari lilielekea. Binti alibeba nakala yangu ya katiba kwa mikono miwili, kama watoto wanavyobeba sadaka.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Ningegombana vizuri, najijua. Lakini afisa tuliyemkuta alikuwa mpole. Kijana wa mbali, si wa huku, macho mekundu kwa uchovu. Alitupa viti. Akachukua kitabu mkononi mwa binti, akasoma kile kifungu chote, midomo inatembea, akasema kitabu ni kizuri na vijana wasome hivyo. Akasema ni kweli kabisa, mtu lazima afikishwe mahakamani. Kisha akasema hana mtu huyo. Hapo kituoni kwake hakuna mtu wa jina hilo. Akatushauri tuulize kwingine, akatusindikiza mpaka getini.

Tuliuliza kwingine. Kila mahali walikuwa wapole, na kila mahali hawakuwa naye. Mimi nilikuwa nimeingoja hiyo siku ya kusimama mbele ya mtu anayeipinga katiba nimweleze, na sikumpata hata mmoja. Wote waliikubali! Hasira yangu ilikosa pa kutua, ikanirudia mwenyewe, nikawa nazifokea sufuria nyumbani.

Nikaenda mpaka Kasese, huko Nyamwamba, kwa wakili anayesaidia watu wasio na uwezo. Alinisikiliza vizuri. Akasema inawezekana kuiomba mahakama iamuru mtu aletwe, hiyo ndiyo haki yenyewe na ni nzuri mno. Lakini akaniuliza amri hiyo iandikwe kwa nani. Nani anaye? Nikasema hatujui, wote wanakana. Akavua miwani, akasema basi mwalimu, nitajaribu, ila ujue mahakama haiwezi kugonga mlango usiojulikana ulipo. Nilitoka pale nikakaa kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, nikalia. Mwenye duka aliniletea soda, akafikiri nimefiwa.

Darasani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mada iliyofuata, kwa ratiba ya wizara, ilikuwa uhuru wa mahakama. Niliingia, nikaandika kichwa cha habari, nikageuka. Wote wananiangalia. Watoto hawa hawakuwa na haja ya kuniuliza kitu. Binti yuko mbele, kalamu tayari, anangoja kuandika. Yule mbishi wa Nyakiyumbu, ambaye siku zote hunikata kauli, siku hiyo alikaa kimya mpaka mwisho wa kipindi. Kengele ilipolia akaja mezani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kahawa ya kina binti itaozea mtini, mama yao ana mtoto mchanga, na yeye amezungumza na wenzake.

Jumamosi waliondoka wavulana kama nusu ya safu ya nyuma, wakapanda mlimani wakiongozwa na yeye, wakachuma kahawa ya yule baba, wakaianika, na wakaenda Kinyamaseke wakayarudisha magunia yaliyobaki kwenye mashine. Jumamosi iliyofuata wakaenda tena. Hakuna aliyewatuma. Yeye alikuwa na shamba lake la kuchuma na mama mjane wa kumsaidia, lakini alianza kule. Nilipomsifu akanuna, akasema kahawa haingoji kesi.

Wiki zikapita. Tukarudi kwa yule afisa mpole, kwa kuwa angalau yeye alikuwa na viti. Safari hii hakufungua kitabu. Alifunga mlango, akakaa karibu nasi, akatuambia kwa Kiswahili chao cha jeshini kwamba yeye hana mtu, lakini wenye mtu wanatafuta jina, na jina ndilo hilo. Nikaona hapa ndipo pa kusema. Nikamweleza habari za majina yetu, foleni ya watoto, mzaliwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alicheka kwa mshangao, akaniuliza kama kweli kabila zima linaitwa majina machache hivyo. Nikasema ndiyo. Nikafikiri amepata mwanga. Akamgeukia binti.

"Basi wewe najua hawa watu wa jina hii. Kama baba yako si yeye, sema ni nani. Taja moja tu. Baba anatoka leo."

Binti aliinama. Niseme ukweli, kuna sehemu ya moyo wangu ilitaka ataje. Ningekuwa mimi, na baba yangu yuko mahali nisipopajua, sijui. Kisha akainua uso.

"Simjui, afande. Na hata ningemjua, yeye pia angetakiwa aambiwe kosa lake kwanza."

Yule afisa hakukasirika. Alipumua tu, akafungua mlango. Njiani nilimshika binti mkono kama mtoto wa chekechea na hakuukataa. Nilijivuna naye, na wakati huohuo nilikuwa nawaza, Mungu wangu, huyu mtoto amefaulu mtihani wangu, na malipo yake ni kukosa baba.

Na kweli tukarudi mikono mitupu. Nikaacha kulala vizuri. Nikawa nafundisha kwa kusoma kitabuni, neno kwa neno, kama redio.

Halafu alfajiri ya Jumamosi moja yule baba akaachwa njia panda, chini ya mlima wake, na shati ambalo si lake. Hakufikishwa mahakamani, hakuambiwa kosa, hakuombwa radhi. Alipanda kwa miguu mpaka kwake. Habari zilinifikia jioni. Nilicheza, nasema kweli, nilicheza mwenyewe jikoni, mtu mzima na nywele zangu za mvi.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nikanunua sukari na mkate, nikapanda. Nyumba ilikuwa imejaa watu waliokuja kumpa pole. Binti alikuwa anapika kwa moshi mwingi na kucheka kwingi, akanikumbatia mbele ya wageni, kitu ambacho kwetu mwanafunzi hamfanyii mwalimu. Akaniambia, "Madamu, katiba imechelewa, lakini imefika." Nikasema ndiyo mwanangu. Ningesema nini kingine, siku kama ile?

Baba yake alikuwa amekonda, shingo imekuwa ya mzee. Wageni walipopungua alimtuma binti maji, akaniita tukae karibu na turubai la kahawa. Alinishukuru kwa yote niliyofanya. Alisema amesikia habari za wavulana waliochuma, hakuwajua majina, akaniomba niwaite siku moja awachinjie mbuzi. Akawa anageuza kahawa kwa kiganja, polepole. Kisha akasema kuna kitu anataka mtu mmoja akijue, na mimi ni mtu wa kitabu, nitaelewa.

Alisema kule alikokuwa walimwambia kila siku neno moja: kama si wewe, taja mwingine. Alikataa. Aliwaambia wazaliwa wa pili ni wengi kama mawe ya mto. Alikataa mpaka alipoona kwamba hatatoka. Sitaandika walichomfanyia, hakuniambia vyote na nilivyoviona mikononi mwake vinatosha.

"Lakini mwalimu, sikumtoa mtu," akasema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Niliwapa maiti."

Sikuelewa. Akasogea karibu. Akaniambia aliwatajia mzaliwa wa pili wa Nyakiyumbu, yule wa karibu na kanisa la juu, ambaye zamani walikuwa wakinunua naye miche ya kahawa. Amekufa mwaka jana, akasema, nilikwenda mazishini mimi mwenyewe, nilirusha udongo. Aliwatajia jina na nyumba, wakaridhika, wakamwachia. Wakienda watakuta kaburi. Marehemu hakamatwi, mwalimu, au siyo? Alikuwa anafurahi kweli, kama mtu aliyemzidi mjanja ujanja.

Nikamuuliza, taratibu ili sauti isinitoke, kama aliwajua watoto wa yule marehemu. Akasema alijua wapo, lakini mazishini watoto ni wengi, nani anawapanga. Akaendelea kugeuza kahawa. Kahawa ile ilichumwa na mzaliwa wa pili wa marehemu huyo, yule mbishi wangu wa safu ya nyuma, jina moja na baba yake, nyumba moja. Sikumwambia. Binti alikuwa anarudi na ndoo kichwani, anaimba. Nikasema nimekumbuka jambo la haraka, nikateremka mlima ule mbio, mimi na magoti yangu haya.

Pale barabarani nikapata bodaboda. Njia nzima nilikuwa napanga. Nitamwambia kijana avuke mto wa mpakani aende kwa wajomba zake ng'ambo, mama yake ni wa upande wa Beni, ana watu huko. Akae mpaka yapoe. Mtihani atafanya mwaka ujao. Nikamhimiza dereva mpaka akaniuliza kama kuna mgonjwa.

Nilipofika Nyakiyumbu, karibu na kanisa la juu, ua ulikuwa umejaa watu. Wanawake wameketi chini, wanaume wamesimama wima karibu na mgomba. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Jirani mmoja alinieleza hata hivyo: walikuja wakati watu wanajiandaa kwa misa, wakamkuta kijana anapiga pasi shati lake la shule. Wakauliza jina, akajibu. Akawauliza sababu ya kumkamata. Wakamwambia ataijua mbele. Akawaomba kwanza azime pasi, mkaa usije ukaunguza nyumba, wakamruhusu.

Nikabaki nimesimama na mkoba wangu. Nikisema ninachokijua, nyumba ya mlimani haitalala salama, na binti aliyekataa kumtaja mtu atajua baba yake alitaja. Nikinyamaza, mama huyu hatajua hata kilichomponza mwanawe. Na kwa vyovyote vile kijana harudi. Hiyo ndiyo iliyonimaliza: kwa vyovyote vile.

Mama yake aliniona. Aliinuka kutoka kwenye mkeka, mwanamke mwembamba wa kilemba cheusi cha ujane, na uso wake ukafunguka. Akaja akanishika mikono yote miwili.

"Mwalimu, Mungu amekuleta. Nilitaka kukutumia mutu. Batu bote banasema ni weye ulitembea na ule mutoto wa mulimani mpaka baba yake akarudia. Na mie, mama, unitembeze."

Wanawake waliokaa chini wakaanza kunishukuru. Mmoja akasema kusoma kuna faida. Mwingine akaniletea kigoda, mzee mmoja akavua kofia. Mama akaniambia ningoje kidogo, akaingia ndani, nikamsikia akifungua sanduku. Alitoka amevaa gauni la kanisani, limekunjika mistari ya kukaa muda mrefu, na viatu vya mwanawe kwa sababu vyake vilikuwa vibovu kwa safari. Akasimama mbele yangu, tayari.

"Mwalimu, kwanza uniambie. Ule baba aliwaambia nini kule, mpaka bakamwachilia? Neno gani? Unifunze mie, nikimwona mutoto wangu nimwambie na yeye aseme vile vile."

Watu wote uani wakasogea karibu ili wasikie.